Bodi ya Shaba kwenye Mashine ya Vyeti

Mtaani walimwita Risasi, kwa kuwa mikono yake ilinuka risasi ya kulehemu tangu anapofungua banda lake la kutengeneza redio hadi anapofunga. Alikuwa mwanamke asiyejua kutulia. Hata chai aliinywa wima, akizungukazunguka.

Siku hiyo wifi yake, dada wa mumewe, alimpigia simu saa mbili asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi kwa kishindo na kuunguza bodi ya umeme ya kuongoza joto kwenye mashine yake ya kutotolea vifaranga. Ndani mlikuwa na mayai mia na ishirini, ya siku kumi na tisa.

"Nimeyafunika blanketi, nimeweka na chupa za maji ya moto," wifi alisema. "Lakini yanapoa, wifi yangu. Fanya unaloweza."

Bodi ya kuagiza ingechukua wiki nzima kufika. Risasi akaamua kuitengeneza mwenyewe. Alichora njia za umeme, akazichapisha kwenye karatasi ya kung'aa, akailaza kifudifudi juu ya kibao chenye ngozi ya shaba, akaikandamiza kwa pasi. Wino ukishika kwenye shaba, kibao hutiwa dawa inayokula shaba iliyo wazi na kuacha njia tu. Lakini pasi ilibana huku ikaacha kule, mistari ikavurugika. Akarudia, ikavurugika tena. Wifi alipiga mara ya pili, kisha ya tatu.

Ndipo akakumbuka duka la stesheneri la mumewe. Mashine ya kuvalisha vyeti plastiki ilikuwa na roli mbili za moto, zinazobana sawasawa kila mahali. Alifika akihema. Mume akakitazama kibao, akatikisa kichwa: kilikuwa kinene, kingo zake zingekwaruza roli, na mwalimu mkuu alikuwa njiani kufuata vyeti sabini.

"Mashine ikifa, nitamwambia nini mwalimu?"

"Na mayai yakifa, utamwambia nini dada yako?"

Mume akavuta droo, akatoa msasa, akampa.

Risasi alilainisha kingo. Safari ya kwanza kibao kilikwama katikati na harufu ya kuungua ikajaa dukani. Mume alirudisha roli nyuma, akakitoa, kisha akakipitisha upya, polepole, mara kumi. Risasi alihesabu akizunguka meza, hadi mume akamwomba asimame, anamtia kizunguzungu. Mwalimu mkuu alifika, akapewa kiti.

Walipokiloweka kibao majini na kubandua karatasi, mistari ilibaki myeusi na mizima, isipokuwa mmoja uliokatika, nao Risasi akauunga kwa kalamu ya wino mzito. Dawa ikala shaba. Akatoboa matundu, akalehemu vipuri, akakimbia nayo kwa wifi. Saa kumi alasiri taa ya joto iliwaka, ikazimika yenyewe, ikawaka tena: bodi ilikuwa inaongoza joto. Mayai yalikuwa vuguvugu tu.

Siku mbili zilizofuata wateja wa Risasi walijibiwa nusunusu. Siku ya tatu wifi akapiga, kilio na kicheko vimechanganyika: vifaranga sitini na wanane, mayai mengine kimya. Akaisogeza simu ili Risasi asikie milio.

Mume akamwambia sasa akae, ale. Risasi aliitikia, huku kipimajoto kiko mkononi na anatafuta kiatu cha pili. Alitaka aione mwenyewe ile bodi, kama bado inashika joto.