Kikwembe Kilichokataa Mstari Wangu

Enzi za Zaire nilifundisha hesabu hapa Kalemie, na nilijiona profesa. Siku moja wazazi walikuja darasani, mkuu wa shule naye akaketi nyuma. Nikachora mstatili ubaoni, nikapiga mstari kutoka pembe hadi pembe. "Ukikunja hapa," nikasema, nikirekebisha kola ya abakosi yangu, suti ya wakubwa wa enzi zile, "pande mbili zinafunikana kabisa."

Mama Feza, muuza dagaa wa ziwani, ndagala, ambaye Feza wake alikuwa darasani mwangu, akashusha kikwembe alichojitanda mabegani. "Papa Mwalimu, utukunjie hiki tuone."

Nikakikunja kwa maringo. Pembe mbili zikabaki nje kama masikio ya mbuzi. Mkuu wa shule akakohoa.

Mama Feza akawageukia watoto. "Munaona? Mwalimu alitaka kujua nani atamuamini bila kukunja."

Darasa likapiga makofi, hata mkuu. Mama yule aliokoa kazi yangu, na mpaka leo namshukuru. Nilipomrudishia kikwembe nikamnong'oneza, "Aksanti sana, Mama."

"Hakuna neno," akajibu polepole. "Dada mukubwa wa Feza, ule mwaka ulimufundisha, ulimupa sifuri juu ya kukuambia vile vile, pembe hazikutani."