Ndoana Zisizo na Vijino

Baba mkwe wangu alipokimbia Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye ziwa jingine, hakuchukua godoro wala sufuria. Alichukua kamba yake ya kuvulia, yenye ndoana thelathini na mbili, ameizungusha kwenye ubao na kuifunika kwa koti. Alipofika mlangoni kwetu Ndosho, mjini Goma, miguu ikiwa imevimba, nilimcheka kimoyomoyo. Nilidhani vita vimemrusha akili. Baadaye kamba ile ndiyo iliyotulisha, na mimi nikawa msaidizi wake, kwa sababu macho yake hayakuona tena vizuri na mume wangu hakuwa na subira ya kukaa kimya juu ya jiwe.

Ziwa Kivu hakulipenda. Alisema halina kiboko, halina harufu, na linaingia kina ghafla kama shimo la choo. Lakini kambare walikuwepo kwenye miamba ya lava, karibu na mahali mitumbwi inapofungwa, na kambare aliwajua kuliko alivyowajua wanawe. Alinifundisha kwamba samaki huyu mwenye sharubu hula wenzake, hula na chochote kinachooza, na kazi yake yote huifanya chini. Juu huja mara moja tu kuvuta hewa, kisha huzama. Ukipiga chafya, umemkosa.

Wiki ninayoikumbuka, barabara ya Sake ilikuwa imefungwa. Mizinga ilisikika kutwa, na maharage na unga wa muhogo vilifika Goma kwa ziwa tu, kutoka Minova. Jirani yetu mmoja alikuwa na mtumbwi, na mume wangu akaomba kwenda naye. Nilimpa magunia mawili matupu. Moja lilikuwa limetoboka, nikalitia kiraka cha kitenge changu cha kijani kwa uzi wa magunia.

Tuligombana asubuhi ile aliyoondoka. Sasa hata sikumbuki kilichoanzisha. Nakumbuka nilichosema mwisho, kwamba asithubutu kurudi mikono mitupu. Alijitwika magunia yake akatoka.

Walitakiwa kurudi Jumatano. Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Simu yake haikuita. Mke wa yule jirani alikuwa akija kila asubuhi kusimama mlangoni kwangu, mimi nikienda kwake kila jioni, na sote tukiuliza swali lilelile.

"Uko na habari?"

"Sina. Na wewe?"

Ijumaa tuliacha kuulizana. Tuliangaliana tu, na kila mmoja akarudi kuchambua mboga ambazo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzila. Nilikuwa naogopa, na bado nilimkaripia kila aliyeniambia nivumilie.

Jumamosi mzee akasema twende ziwani, kwa kuwa njaa haisubiri habari za mtu. Tulifika jua likiwa limeshapanda. Wavuvi watano au sita walikuwa wamesimama juu ya miamba na hakuna aliyekuwa ametupa ndoana. Nikadhani wanajeshi wamekataza. Kisha nikaona walichokuwa wakikitazama.

Kambare walikuwa wamesimama. Sijui niseme namna gani nyingine. Walikuwa ishirini, pengine zaidi, wamejipanga wima ndani ya maji, midomo nje, sharubu zikitikisika, wakifungua na kufumba vinywa mchana kweupe. Kivuli changu kiliwapitia, hawakuzama. Mvuvi mmoja akatupa jiwe. Wakatawanyika kidogo, kisha wakarudi palepale, kama kuku waliofukuzwa kwenye mtama.

Mimi nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, maana niliona chakula cha wiki nzima. Nikaanza kufungua kamba, mzee akanishika mkono. Katika miaka yote ya ndoa yangu mkwe wangu hakuwa amewahi kunigusa, kwa heshima ya desturi yetu.

"Leo hatuvue hapa," alisema.

"Papa, samaki ziko hapa zote."

"Njo maana hatuvue."

Alikaa juu ya jiwe. Nilimsumbua kwa maswali mpaka akaniambia. Kule Vitshumbi alikuwa amewaona kambare wakisimama hivyo mara mbili maishani mwake. Mara ya kwanza chini yao palikuwa na kiboko aliyekufa. Mara ya pili ilikuwa wakati wa vita. Ya pili hakuimalizia, na mimi sikumwomba aimalizie. Ziwa hili halina kiboko. Nilitazama mahali pale, nikamrudishia kamba.

Kisha akafanya kitu ambacho hata leo nikikifikiria nakosa usingizi. Aliikunjua kamba mapajani, akaokota jiwe la lava, akaanza kugonga ndoana moja moja. Kila ndoana ina kijino kidogo karibu na ncha, kile kinachomzuia samaki kuchomoka. Alikuwa akivilaza vijino vile. Ndoana hizo alizifua mwenyewe kwa waya miaka mingi kabla, na bila kijino ndoana ni msumari uliopinda tu. Nilimwambia anaharibu riziki yetu. Sauti yangu ilipanda, na wale wavuvi wakageuka.

Hakuacha kugonga.

"Kama ni mutoto wangu iko huko," alisema, "sitaki nimuchane."

Nilikuwa nimesahau. Siku zote nne nilikuwa nikimngoja mume wangu kana kwamba alikuwa wangu peke yangu, na mzee huyu alikuwa akilala chumba cha pili akimngoja mwanawe. Nilichukua jiwe jingine nikakaa mbali kidogo naye, nikaanzia upande wa pili wa kamba. Tulikutana katikati.

Mvuvi mmoja alituazima mtumbwi. Mzee hakutaka niingie, nikaingia. Tuliikokota kamba chini ya maji, na mara ya kwanza ilipita bure. Mara ya pili ikanasa kwenye jiwe. Mara ya tatu ikawa nzito, uzito ule laini unaokuja polepole, na mzee akafumba macho huku akivuta. Mimi sikufumba. Nilitaka kuona kabla sijaambiwa. Chini kukatokea kitu cheupe, kikubwa, na kando yake maji yalikuwa meupe pia kama maziwa yaliyomwagika. Kambare walikuwa wakifuata weupe ule wakiumeza.

Lilikuwa gunia. Unga ulikuwa ukivuja kwenye mshono, pembeni ya kiraka changu cha kijani.

Mzee alipapasa gunia zima kwa mikono miwili, kama anayetafuta mtu ndani yake. Kisha akakaa, akapumua.

"Muzigo. Haiko mutu," alisema. "Mutu anatupa muzigo ili apone."

Nilimchukia kwa maneno hayo. Kama ni gunia la mume wangu na liko chini ya ziwa, mume wangu yuko wapi? Nilipiga kelele hivyo katikati ya maji. Mzee alishika kasia akaanza kuturudisha. Siku zile niliogopa matumaini kuliko habari mbaya, kwa sababu habari mbaya angalau ingeniacha nilale.

Wavuvi walirudi kwenye ndoana zao. Sisi tulirudi Ndosho na gunia lililolowa, ambalo hakuna aliyethubutu kulifungua. Mke wa jirani aliliona uani, akauliza, nikamweleza. Alikigusa kiraka kwa kidole kimoja, akaenda zake.

Jumapili mchana nilikuwa nafua. Kivuli kikasimama mbele ya beseni. Alikuwa mume wangu, hana viatu, hana shati, midomo imepasuka.

"Unga imepotea," alisema. "Unisamehe."

Alikuwa ametembea na sentensi hiyo njia nzima. Nilimpiga kifuani kwa mikono yenye sabuni, mara ngapi sijui, kisha nikamshika nikalia, nikimwambia kwamba sikuwa na maana ile, sikuwa na maana ile kabisa. Mzee alitoka chumbani, akamwangalia mwanawe kutoka juu mpaka chini, akaenda kumtafutia maji ya kunywa.

Mume wangu alitusimulia akiwa ameketi chini. Walikuwa wamekaribia Goma risasi zilipolia kutoka nchi kavu. Wakatupa magunia ili mtumbwi uwe mwepesi, wakageuza kurudi ziwani. Huko mawimbi yakaupindua. Mwenzake alikuwa na bidon, dumu tupu la mafuta, akamsukumia aishike, kwa kuwa mume wangu hakujua kuogelea vizuri. Maji yalimtupa upande wa magharibi, akakamatwa kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, na watu wenye bunduki wakamtumikisha kuchota maji na kuni kwa siku tatu kabla ya kumwachia. Mara ya mwisho alimwona mwenzake ameshikilia mgongo wa mtumbwi.

Hatukujua kwamba mke wa jirani alikuwa amesimama nyuma yetu. Sijui alianza kusikiliza wapi.

"Wewe alikupa bidon," alimwambia mume wangu, taratibu, bila hasira. "Yeye alibaki na nini?"

Mume wangu aliangalia mikono yake. Furaha yangu yote ikageuka kitu cha kuficha, kama chakula unachokula wenzako wakiwa na njaa. Nilitaka aondoke. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo nilivyotaka, aende nyumbani kwake aniachie mume wangu kwa siku moja tu.

Aliondoka. Jumatatu jua likiwa juu alirudi, miguu imejaa vumbi jeusi la njia ya ziwani. Hakuingia ndani. Mume wangu alikuwa bado amelala na homa, na mimi nilikuwa natwanga, na yeye akanipita kwa macho akamtafuta mzee.

"Muzee," alisema, "samaki zimesimama tena. Kule nyuma ya miamba."

Mzee alikuwa na kamba yake magotini. Tangu Jumamosi nilikuwa nikimwambia azifue upya ndoana zile, maana hatukuwa na kitu cha kupika, na kila mara alijibu kwamba bado. Alisimama sasa, akaiweka kamba begani, akapita mbele.

Niliacha kinu. Niliingia ndani nikachukua kile kitenge cha kijani, kilichobaki baada ya kukatwa kiraka, kikubwa bado cha kutosha kumfunika mtu, nikakikunja chini ya kwapa ili mke wa jirani asikione, nikawafuata.