Niliosha Mahindi Mekundu Nikayapika

Nimekosa. Naanza hapo, kwa sababu nikianza na sababu zangu nitajikuta najitetea, na kujitetea nimefanya miaka mingi. Nimechoka.

Niliwalisha watu sumu. Si kwa bahati mbaya, kama mtu anayetia chumvi kwenye chai akidhani ni sukari. Niliona alama kwenye gunia, nikaielewa, nikapika!

Jina langu sitaji, na majina ya watu nimeyabadilisha. Kiswahili changu ni cha Kisenyi, Kampala. Mnivumilie.

Ilikuwa ile miaka ya utawala wa jeshi. Wahindi walikuwa wameshafukuzwa, na maduka yao walipewa watu ambao hawakujua hata mzigo unaagizwa wapi. Sukari ikapotea. Sabuni ikapotea, tukawa tunafua kwa majani ya mpapai. Mume wangu alikuwa polisi. Asubuhi moja alikwenda kazini hakurudi. Nilipokwenda kuuliza, mwenzake mmoja aliniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, rudi nyumbani. Usiulize tena hapa." Nikarudi. Sikuuliza tena.

Nikabaki na binti yangu Hadija, miaka sita, na kibanda cha chakula. Mabati machache, mabenchi mawili, posho na maharage. Posho ndiyo ugali, sisi huku tunaita hivyo. Walikuja wachukuzi wa soko la Nakivubo na mafundi wa jirani, watu wa mlo mmoja kwa siku. Kwangu kulikuwa rahisi, na mtu aliyebeba magunia tangu alfajiri hachagui. Anakula kile anachoweza kukilipa.

Halafu unga nao ukaadimika. Siku tatu sikuwasha moto. Siku ya nne akaja dereva mmoja wa lori, mtu niliyemfahamu, akaniita uani.

"Mama Hadija, nina mahindi. Gunia mbili. Nakupa nusu ya bei."

Akafungua. Mahindi yalikuwa mekundu, yale mekundu ya kupakwa rangi! Kwenye gunia palikuwa na karatasi ya Kiingereza, na chini yake picha ya fuvu la mtu na mifupa miwili.

"Hii si mbegu ya shamba?" nikamuuliza. "Si imetiwa dawa?"

"Dawa ya wadudu tu. Wewe ni mdudu?" Akacheka. "Osha. Rangi ikitoka, imekwisha."

Nilijua kusoma picha. Kila mtu anajua maana ya fuvu! Lakini nilikuwa nimeshaanza kupanga kichwani nitapata debe ngapi za unga.

Nikanunua. Nikaibandua ile karatasi, nikaitia motoni.

Nikaosha mahindi kwenye karai. Maji ya kwanza yalitoka kama maji ya kuoshea nyama. Ya pili yakatoka ya waridi. Ya tano yakawa karibu meupe. Kisha nikawapa kuku wangu wawili, nikasubiri. Siku tatu. Kuku wakala, wakanya, wakalala, wakaamka. Nikasema, basi, ni salama.

Ee jamani! Sikujua kwamba kuna sumu isiyo na haraka.

Kwenye mashine ya kusaga, msagaji alishika mahindi akayageuza kiganjani. "Haya yana madoa."

"Ya kijijini," nikamjibu. Hakuuliza zaidi. Wakati ule watu walikuwa wamejifunza kutouliza.

Kibanda kikajaa tena. Mteja wangu wa kila siku alikuwa Fundi Lule, mshonaji, aliyeweka cherehani yake kwenye baraza ng'ambo ya njia. Mkewe Namuli alikuwa kijijini analima, kwa hiyo Fundi alikula kwangu mchana na jioni. Mtu mpole. Alikuja na sahani yake mwenyewe, ya bati, na baada ya kula aliiosha mwenyewe.

"Nyabo," alikuwa ananiambia, ndivyo Waganda wanavyomwita mama kwa heshima, "hii posho yako ya siku hizi iko mzuri sana."

Nami nilimwongezea! Namwambia, "Kula, Fundi, kuna nyingine." Nilijiona mwema.

Wiki zikapita. Siku moja nikamwona amekaa anajaribu kutia uzi kwenye sindano. Anakosa. Anajaribu tena. Nikavuka njia nimsaidie.

"Vidole yangu imerala," akasema. Ulimi wake wa Kiganda ulisema "rala" badala ya "lala". "Na midomo pia. Kama si yangu."

Nilitazama nguo aliyokuwa anashona, gomesi nyeupe ya bibi harusi. Ilikuwa na damu. Alikuwa amejidunga sindano, akaendelea kushona, hakusikia chochote.

Nilirudi kibandani nikakoroga posho. Nawaambia ukweli: nilirudi nikakoroga posho.

Baadaye akaanza kuyumba akitembea. Watu wakasema anakunywa waragi. Wengine wakasema amerogwa. Wachukuzi wawili wakaacha kuja kula, nikasikia mmoja alianguka na mzigo sokoni na miguu ikagoma kabisa. Halafu Fundi alisimamishwa na wanajeshi kwenye kizuizi cha barabara. Wakamwambia atembee moja kwa moja. Hakuweza. Wakamwona mlevi anayewadharau, wakampiga kwa vitako vya bunduki! Alirudishwa kwenye toroli ya mkaa. Namuli akaitwa kutoka kijijini, akampeleka hospitali.

Siku mbili baadaye Namuli alikuja kibandani. Hakukaa.

"Mama Hadija, daktari anauliza mume wangu amekula nini. Anasema kuna mahindi ya mbegu, yana dawa. Kama ni hayo, anataka kujua yametoka wapi, ili watu wengine waachishwe kula. Na mume wangu alikuwa anakula kwako tu."

Gunia moja lilikuwa limekwisha. La pili lilikuwa nyuma yangu, limeoshwa, limekauka, linangoja kusagwa. Kama angenyoosha mkono angeligusa.

Nikasema, "Mimi nanunua unga dukani kama wengine."

Mniulize kwa nini! Mtu aliyeshikwa na mali ya magendo, kama yale mahindi, alipelekwa kwa wanajeshi. Mume wangu ameshapotea, na mimi nikipotea, Hadija atabaki na nani? Hiyo ndiyo sababu yangu. Ni sababu ya kweli. Lakini daktari hakutaka kunifunga. Alitaka neno moja tu.

Kesho yake asubuhi nilibeba lile gunia la pili, nikalimwaga kwenye jalala karibu na mfereji wa Nakivubo. Nikaona nimefanya jambo jema. Sikuwa nimepiga hatua ishirini nikasikia sauti za watu. Nikageuka. Wanawake watatu walikuwa wamepiga magoti, wanakusanya mahindi kwenye kanga zao, wanapuliza vumbi. Mmoja aliniona namtazama.

"Webale, nyabo," akaniambia. Asante, mama.

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na ulimi. Ningesema "tupa, ni sumu," wangeuliza nimejuaje. Nikaondoka.

Sijui wale wanawake walikuwa akina nani. Sijui walikuwa na watoto wangapi. Hilo ndilo jambo ninaloamka nalo kila siku, na sisikii kitu. Silii. Naamka, nachemsha maji, naliwaza.

Fundi Lule alitoka hospitali akiwa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Cherehani ikauzwa. Walipokuwa wanajiandaa kurudi kijijini nilikwenda kuwaaga. Namuli alikuwa nje anafunga mikeka. Fundi alikuwa amekaa sakafuni, akageuza kichwa huku na huku mpaka akanipata.

Alizungumza kwa shida, maneno yanateleza. "Nyabo. Niambie tu. Mimi si serikali."

Aliuliza taratibu. Hakukasirika. Angekasirika labda ningesema!

"Sijui, Fundi," nikamjibu. "Hata mimi sijui."

Akatikisa kichwa, akasema, "Haya." Nikaaga. Mwaka uliofuata nikasikia amekufa, na Namuli amerudi kwa ndugu zake akiwa hana kitu.

Kibanda nilikifunga. Nilifanya kazi za kufulia watu, nikamlea Hadija, akasoma, sasa ana wajukuu. Hakuna aliyenishika. Hakuna aliyenishuku, isipokuwa yule aliyeniuliza akiwa sakafuni.

Hadija hajui haya. Lakini mwezi uliopita, tukiwa tunamenya muhogo, akasema, "Mama, unakumbuka ulivyokuwa unanilisha muhogo peke yake? Kibanda kimejaa posho, mimi unanipa muhogo!"

Nikasema, "Ulikuwa hupendi posho."

Akacheka sana. "Mimi? Nilikuwa nalia nataka posho! Ulinichapa mkono siku moja nilipochukua kwenye sahani ya Fundi."

Niliendelea kumenya.

Maana hilo ndilo ungamo lenyewe, ndugu zangu, hayo mengine yote ni maelezo. Miaka yote nimejiambia kwamba sikujua. Niliamini rangi imetoka, niliamini kuku. Uongo! Kama niliamini, kwa nini sikumpa mwanangu hata tonge moja? Kwa nini mimi mwenyewe nilikula muhogo naye? Kichwa changu kilikuwa hakijui, lakini mkono wangu ulijua. Mkono uliwapa wengine ukamnyima Hadija.

Wewe unayepika ukauza, na wewe unayeuza nafaka, mafuta, maziwa, chochote kinachoingia tumboni mwa mtu, nakusihi. Mtu maskini hanunui kwako kwa sababu haoni. Anaona, lakini hana pengine pa kwenda. Ukikuta mkono wako unasita kumpa mwanao, hapo umeshajua, usingoje kuku. Mwaga. Na ukimwaga, usiondoke. Simama pale pale kwenye jalala, hata kama unaogopa, uwaambie watu kwamba ni sumu. Waambie kwa sauti.