Plagi ya Trela ya Boti

Shemeji yangu Nzioka, aliyemwoa dada yangu Kamanthe, alikuwa fundi wa umeme wa magari pale Kithyoko, na sijaona mtu msumbufu kama yeye kwa mambo ya taa. Mwaka wa 1998 Aloys, mfanyabiashara wa samaki, alinunua boti ya kuvulia bwawani Masinga. Mimi nikawa dereva wa pikapu ya kuivuta, Nzioka akapewa taa za trela.

Trela ya boti huingia majini kila mara, kwa hiyo taa zake hazidumu. Za Nzioka zilidumu. Alipaka grisi kila kiungo cha waya, akatoboa tundu dogo chini ya kila taa ili maji yatoke, kisha akaniwekea sheria.

"Ukifika kwa maji, toa plagi ya taa za trela kwanza, ungoje balbu zipoe. Balbu ikiwa na moto hivi na uiingize kwa maji baridi, inapasuka. Umesikia, Muindi?"

"Nimesikia, shemeji. Umenihubiria ya kutosha."

Asubuhi moja, siku moja baada ya Nzioka kuzifungua taa na kuzitengeneza upya, nilichelewa, na Aloys alikuwa ukingoni akinipigia kelele. Boti ilikuwa ipelekwe Kithyoko kuzibwa nyufa. Nikarudisha trela majini plagi ikiwa mahali pake, mguu wangu kwenye breki, taa zikiwaka. Tulipoipakia boti, sikushuka hata kutazama taa.

Kwenye mteremko wa kuingia Kithyoko mbuzi walikatiza barabara, nikafunga breki. Titus, muuza mkate, alikuwa nyuma yangu kwa baiskeli. Hakuona taa yoyote ikiwaka. Aliigonga trela, mguu wake ukavunjika mahali pawili.

Watu walijaa. Aloys akauliza, "Nani alitengeneza hizi taa?"

"Ni Nzioka, jana tu," nikasema. Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilinitoka kwa urahisi. Mwoga mkubwa mimi.

Nzioka aliitwa, akazifungua taa mbele yetu. Balbu zote mbili zilikuwa zimepasuka. Akaniangalia. Kwetu mtu habishani na ndugu wa mkewe mbele ya soko zima. Alisema tu, "Pole, Titus," akarudisha vioo.

Kazi zikamkaukia. Nani angempa gari fundi aliyemvunja Titus mguu? Mwaka uliofuata yeye na Kamanthe walihamia Tala, akawa anauza misumari katika duka la mtu mwingine.

Nilikaa na jambo hilo miaka sita, likinila. Mwaka wa 2004 nilikwenda Tala, nikamweleza yote huku nikilia. Alikuwa akipima misumari kwenye mzani.

"Nilijua siku hiyo hiyo," akasema. "Si mimi wa kuambiwa, Muindi. Ambia watu wa Kithyoko."

Niliahidi. Nikapanda gari la saa nane la kurudi Kithyoko, nikashukia mbele ya duka ambalo Titus sasa aliuzia mkate. Alikuwa amekaa nje, amenyoosha ule mguu. Akaniuliza habari za Tala. Nikamwambia ni nzuri, nikanunua mkate, nikaenda nyumbani.