Mukubwa Anakamata Yenye Inabakia

Enzi zile hapa Bunia, kabla ya kila mtoto kuwa na sahani yake na simu yake, siye tulikula kwenye sinia moja, na nyama ya ng'ombe ilikuwa ya Jumapili tu. Wa umri wangu wananielewa. Hawa wa leo ukiwauliza, watakwambia Jumapili ni siku ya kulala.

Mama alisali misa ya kwanza, kwa hiyo siye tukitoka misa ya pili sufuria ilikuwa tayari kwenye mbabula, lile jiko la makaa. Nyama ilichemka na chumvi mpaka maji yakauke, ikajikaanga kwa mafuta yake, ndipo vitunguu, ndipo tomati, kisha moto wa makala ukapunguzwa supu iwe nzito polepole. Harufu ile ilinitia adabu ya ajabu: nilichota maji bila kutumwa, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, mradi nipite karibu na jiko.

Tulikuwa watatu: mimi, dada yangu Furaha, na Deo, kitinda mimba. Tulichovya bugali kwenye supu, nyama haiguswi. Bugali ikiisha, mimi ndiye niliyegawa mafungu. Deo anachagua wa kwanza, halafu Furaha. Nikilalamika, Mama alikuwa na jibu moja tu:

"Weye ndiye mukubwa. Wadogo bachague, weye unakamata yenye inabakia."

Wenzangu walitaka kuwa mapadri na madaktari. Mimi nilitaka kipande kimoja laini, chenye mafuta. Jumapili moja nikajiona mwerevu: nikaweka fungu lenye mfupa mkubwa, mbaya wa sura, na chini yake nikaficha mnofu bora kuliko yote. Nilijua wadogo wataudharau. Deo hakufikiri hata kidogo, akaunyakua. Nilisahau kwamba mtoto yule alipenda kunyonya mifupa kuliko kitu chochote duniani. Nikabaki na mishipa ya shingo, nikaitafuna mpaka saa ya rozari, huku nasema nimeshiba. Mama alicheka mpaka akajishika kwenye nguzo.

Jumapili iliyopita mke wangu alikuwa Mahagi kwenye matanga, nikawatangazia watoto kwamba leo Papa anapika. Vitunguu viliungua kidogo, na nililia kuliko wafiwa wenyewe, lakini supu ikaja nzito, ya nyumbani kabisa. Nikaweka sinia katikati. Wakaitazama kama beseni la kunawia miguu. Binti yangu mkubwa akaniambia kwa upole, "Papa, siye tutakula kila mutu mu sahani yake, juu ya mikrobi." Yaani anaogopa vijidudu vya mikono ya wenzake. Wakajipakulia vipande vidogo vidogo, maana eti mafuta yananenepesha, wakaenda zao vyumbani na simu.

Nikabaki na sinia. Minofu yote laini ilikuwa mbele yangu, baada ya miaka yote ile, na hakuna wa kunitangulia. Furaha ameolewa mbali, Kisangani. Deo tulimzika tungali vijana. Zamani nyama ilikuwa kidogo na mikono mingi. Leo nyama ipo, mikono ndiyo sioni.

Nikala bugali na supu, nyama sikugusa. Bugali ilipoisha, mkono ukaanza kugawa wenyewe, mafungu matatu, sawasawa. Kisha nikakaa nikingoja wadogo wachague.