Majibu ya Mlango wa Lupango

Wakati wetu, ninyi mliokulia Lubumbashi mnajua, mashine ya kujibu wageni ilikuwa mtoto. Baba yangu alifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, na mchana alilala. Tulicheza na magari yetu ya waya kwenye vumbi jekundu, midomo imejaa embe bichi na chumvi, lakini lazima mmoja wetu awe karibu na mlango wa lupango, yaani ua wa nyumba yetu. Mgeni akigonga, majibu yalikuwa tayari. "Papa haiko." "Alienda Kipushi." "Hatujue saa atarudia." Akiuliza jambo lingine lolote: "Miye niko mutoto tu."

Kusema amelala hakukufaa. Ukimwambia mgeni wa kwetu kwamba mtu amelala, anaingia, anavuta kiti, anakohoa mpaka huyo mtu aamke, kisha anashangaa: "Kumbe ulikuwa unalala?" Mama alikuwa mkali juu ya usingizi wa baba kuliko juu ya masomo yetu. Hata sombe, yale majani ya muhogo, alikwenda kuitwanga kwa jirani.

Kipushi, mji wa jirani, baba hakuwahi kufika. Sisi ndio tuliompeleka kila siku, mpaka mtaa mzima ukakubaliana kwamba ana mke wa pili kule. Wanawake wa kwaya wakaja kumpa mama pole. Mama akawapikia chai, akapokea pole zote, akawaomba kitu kimoja: "Musilie kwa nguvu." Nyuma ya ukuta baba alikuwa anakoroma.

Watoto wa leo hawajibu mlango. Unagonga, wanakuandikia kwenye simu, "Ni nani?", nao wako sebuleni. Kwa hiyo nilishangaa Nadine, binti wa dada yangu anayesomea sanaa, aliponiambia anatengeneza mashine ya kuongea na watu. Alisimamisha mlango wa bati katikati ya ukumbi wa chuo chao kule Kasapa, akaficha kompyuta nyuma yake. Unagonga, unauliza, inatafuta neno inalolijua, inajibu kwa sauti ya mtoto.

"Tonton, ikuwe inajibu nini?" akaniuliza mimi mjomba wake.

Nikampa majibu yetu. Yeye aliita sanaa. Sisi tuliita zamu.

Kisha akataka nkambo wake, yaani mama yangu, awe wa kwanza kugonga. Nikakataa. Baba tulimzika msimu wa mvua uliopita, na tangu hapo mama hajamtaja hata mara moja. Niliogopa, nasema wazi, kwamba jibu la kwanza tu litamvunja. Mama akasikia tunabishana, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaniambia nitoke njiani.

Akagonga. "Papa iko?"

"Papa haiko," ikasema sauti ya mtoto.

"Alienda wapi?"

"Alienda Kipushi."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Akausogelea mlango, akaweka kiganja kwenye bati, akasema polepole:

"Mumuamushe. Alilala ya kutosha."

Mashine ikatafuta. Neno hilo hatukuwa tumeifundisha.

"Miye niko mutoto tu," ikasema.

Zamani, mama akisema hivyo, tungekimbia sote mpaka chumbani, tukisukumana nani aingie kwanza. Siku ile tulisimama tu, watu wazima wenye viatu vizuri, na hakuna aliyekuwa na mahali pa kukimbilia.