Siku Mwongeli Alipoondoa Unga wa Watoto

Mwongeli Nzioka alianza kwa kufungia wateja bidhaa katika supamaketi moja karibu na River Road. Miaka kumi na tisa baadaye akawa mwanamke wa kwanza kusimamia huduma kwa wateja katika matawi yote kumi na mawili ya kampuni. Kabla yake, mwenye malalamiko alielekezwa kwa bawabu.

Jumatatu moja asubuhi, mama kijana aitwaye Waringa aliingia tawi la katikati ya jiji na pakiti ya unga wa uji wa watoto.

"Mtoto wangu amelazwa. Hajala kingine, ni huu uji tu."

Mwongeli alipekua malalamiko ya wiki. Watoto wengine wawili walikuwa wametapika, unga wao ukiwa umenunuliwa matawi mawili tofauti. Unga ule ule, na nambari ile ile nyuma ya pakiti. Akampigia mkurugenzi wake, Norman Muchiri.

"Usiguse kitu," Muchiri alisema. "Mwenye kiwanda cha huo unga atatupeleka kortini. Ngoja majibu ya maabara, siku tatu hivi."

"Siku tatu, boss? Na wanaokunywa leo?"

"Nimesema ngoja."

Alikaa na simu mkononi. Aliwaona wasichana wa kaunta wakimtazama kupitia kioo. Akifukuzwa, miaka mingi ingepita kabla mwanamke mwingine hajapewa kiti kile. Hata hivyo alianza kupiga simu, tawi baada ya tawi: "Toeni huo unga wote sasa hivi. Mkiulizwa, semeni ni Mwongeli." Kisha akashika kipaza sauti cha duka na kuwaambia wateja warudishe pakiti walizonunua.

Saa tisa alasiri alipewa barua ya kusimamishwa kazi. Alikuwa bado kwenye ngazi za jengo simu ilipolia. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya upole kabisa.

"Mama, unakaa mtaa wa Mountain View, sivyo? Wale watoto wako wawili hutoka shule saa ngapi?"

Simu ikakatwa. Mwongeli alishindwa hata kuvuka barabara. Watu walimpita wakimgonga mabega, na kila mwanamume aliyeshika simu alionekana kuwa yeye.

Aliripoti polisi. Mumewe, Mutinda, akawapeleka watoto kwa dadake Machakos.

"Omba msamaha, mama," Mutinda alimsihi. "Tuishi kwa amani."

"Niombe msamaha kwa kosa gani?"

Mwongeli alibaki ndani siku tisa, mapazia yamefungwa hata mchana. Gari lilipopunguza mwendo nje, alisimama katikati ya sebule bila kupumua.

Siku ya kumi ndipo majibu ya maabara yalipotoka: unga ulikuwa na sumu ya kuvu. Kiwanda kikafungwa. Muchiri mwenyewe alimpigia kumwomba arudi. Mtoto wa Waringa alikuwa amepona, na wa pili pia. Wa tatu alikuwa amefariki siku ile ile unga ulipoondolewa.

Mama yake aliitwa Peres, wa Kangemi. Mwongeli alikwenda kwake kabla ya kurudi kazini na kumkuta mlangoni.

"Mimi ndiye msimamizi wa malalamiko," alisema. "Lalamiko lako lilifika Jumamosi. Nililisoma Jumatatu."

"Jumamosi alikuwa bado anacheka," Peres akasema.

Mwongeli aliketi naye mpaka majirani wakaja.

Alirudi kazini kwa sharti moja, na Muchiri akatia sahihi: mhudumu yeyote wa kaunta, hata aliyeajiriwa jana, aweze kuondoa bidhaa rafuni bila kuomba ruhusa. Aliyempigia simu ya vitisho hakupatikana. Watoto walirejea kutoka Machakos muhula uliofuata, na mpaka leo Mwongeli huwapeleka shule mwenyewe, kila siku kwa njia tofauti.